Sentimita Nne

Asubuhi ile haikuwa na tofauti na nyingine. Upepo wa moto, vumbi, feni inayolalamika, na mkuu wa bwawa amekaa ofisini kwake juu ya ukuta wa bwawa, anakoroga chai. Aliikoroga muda mrefu kwa sababu hakuwa na kazi nyingine ya kufanya. Wafanyakazi walimwita Bwana Sifuri, mbali na masikio yake, na lau angelisikia jina hilo angedhani anasifiwa.

Jina lilitokana na namba zake. Kila alichokiandika kwenye daftari la usawa wa maji kiliishia na sifuri: nne na ishirini, nne na thelathini, nne na kumi. Sentimita mbili tatu zilizozidi au kupungua aliziona takataka. "Maji hayahesabiwi kama chawa," alikuwa akisema, kisha anacheka. Alikuwa mtu wa namna hiyo, anayecheka utani wake mwenyewe kabla hajaumaliza.

Bwawa lilikuwa katikati ya jangwa, na kila mtu wa eneo lile aliishi kwa maji yake. Mto ulijaa mara moja kwa mwaka, wiki mbili basi, halafu ukarudi kuwa mchanga. Maji ya wiki mbili yalipaswa kutosha mwaka mzima. Mfereji wa juu ulinywesha shamba kubwa la matikiti. Mfereji wa chini ulikwenda kwenye vishamba vya vitunguu. Bomba moja lilishuka mjini, kwa watu na mabirika ya mifugo. Kanuni ilikuwa fupi na ya wazi: maji yakishuka chini ya mita nne, penye mstari mwekundu, mifereji yote miwili inafungwa, na yanayobaki ni ya kunywa tu. Mdomo wa bomba la mji ulikuwa kwenye mita mbili na themanini. Maji yakifika hapo, bomba linavuta tope, na mji unakunywa mate yake. Kanuni hiyo ilibandikwa ukutani nyuma ya kiti cha Bwana Sifuri, naye alikuwa ameiegemea miaka mitatu mpaka maandishi yamefutika.

Aliyesoma usawa wa maji alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, nyayo zimepasuka, sauti ya mpiga mnada. Walimwita Mama Sentimita na yeye aliitika bila kinyongo. Mbao za kipimo zilisimikwa kwenye mteremko wa bwawa, moja chini ya nyingine, nyeusi kwa nyeupe, na kadiri maji yalivyopungua ndivyo alivyozidi kuyafuata chini. Kila siku saa moja kamili asubuhi alivua kandambili kwenye ubao wa mwisho uliokauka, akaingia topeni hadi penye maji, akasoma namba na kuiita kwenye redio ya mkononi. Kazi ya mkuu ilikuwa kuirudia. Akiirudia sawasawa, msomaji anasema, "Andika." Akikosea, msomaji anasema, "Sivyo. Tuanze upya." Na msomaji haondoki majini mpaka namba yake irudiwe kama alivyoiita. Utaratibu huo ulikuwepo tangu bwawa lilipojengwa, na Mama Sentimita hakuwahi kuuvunja hata siku moja katika miaka kumi na tisa.

Bwana Sifuri aliuchukia. Msomi mzima, mwenye vyeti vitatu ukutani, arudierudie maneno ya mwanamke wa topeni kama kasuku! Wiki moja kabla, yule mama alikuwa amepanda hadi ofisini, matope magotini, akasimama mlangoni.

"Mkuu, tope la chini limekuwa zito. Linashika mguu. Naomba mbao za kukanyagia, hata mbili tu."

"Bata anaomba zulia," mkuu alimwambia fundi wa lango, ambaye alikuwa ameleta ufunguo wake. Akacheka. Fundi, mzee mnene wa maneno machache ambaye kazi yake ilikuwa kuzungusha gurudumu la kufungua na kufunga mifereji, hakucheka. Alimtazama mama, mama akamtazama yeye, wakatoka.

Sasa, asubuhi ile, Bwana Sifuri alikuwa na jambo moja tu kichwani. Shamba la matikiti lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mwenye mkono mrefu huko makao makuu. Matikiti yalibakiza siku ishirini. Shemeji alikuwa ameahidi: maji yasikatwe hadi mavuno, na barua ya uhamisho itatoka. Ofisi ya mjini, ghorofa ya tano, mbali na jangwa na washamba wake. Aliitaka barua ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, mke wake akiwemo.

Saa moja kamili redio ilikoroma juu ya meza.

"Tatu, tisini na nane."

Mkuu aliweka kijiko chini. "Nne na ishirini," alijibu.

"Sivyo. Tuanze upya. Tatu, tisini na nane."

"Mama, ni sentimita mbili tu chini ya mstari. Mbili! Jicho lako limeziangusha njiani."

"Mstari mwekundu uko nje ya maji, mkuu. Nimeushika kwa mkono, umekauka. Tatu, tisini na nane."

"Nne na ishirini."

"Sivyo. Tuanze upya."

Walikwenda hivyo mara saba. Mara ya nane Bwana Sifuri aliizima redio, akaandika 4.20 kwa mwandiko mzuri, akachukua funguo za gari na kwenda shambani kwa shemeji. Huko walikaa kivulini, wakapasua tikiti, naye akasimulia kisa kwa kuiga sauti ya yule mama. "Nimemwacha anaimba," alisema. Shemeji alicheka mpaka mbegu zikamtoka mdomoni.

Alirudi ofisini saa kumi alasiri, akawasha redio ili amwite fundi wa lango.

"Tatu," redio ilisema. Sauti ilikuwa imekauka, haikuwa tena ya mpiga mnada. "Tisini. Na nane."

Jua lilikuwa limempiga saa tisa mfululizo. Bwana Sifuri alisimama na redio mkononi. Neno moja lilitosha, na alilijua. Lakini kulisema ilikuwa kukubali kushindwa na nyayo zilizopasuka, kufunga mfereji, kuipa barua kisogo. Akaizima tena. Huyo ndiye mtu tunayemzungumzia.

Kesho yake, saa moja kamili, redio iliita.

"Tatu, tisini na mbili."

"Kumbe yupo," mkuu alijisemea, na kusema kweli pumzi ilimshuka. Hakujibu. Aliandika 4.20 tena na kuendelea na chai yake. Haikupita nusu saa fundi wa lango akaingia bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Mkononi alikuwa na kandambili mbili.

"Mkuu, Mama Sentimita hakurudi nyumbani jana."

"Unasema nini wewe? Ameniita sasa hivi."

"Nimetoka huko chini, mkuu. Nimekaa kwenye ubao wa mwisho tangu saa kumi na mbili. Hakuna mtu." Fundi alizitazama zile kandambili. "Hizi zilikuwa zimepangwa vizuri, zimeelekea majini. Tope limezikaukia. Nyayo zinaingia. Sikuona zinazotoka."

Walimtafuta siku ile nzima na usiku wake, watu wa mjini na wa vitunguu, kwa fito ndefu na kamba. Fito zilizama urefu wa mtu na zilipotolewa zilitoka tupu. Hakuonekana yeye wala redio yake. Siku ya tatu Bwana Sifuri alichukua karatasi yenye nembo, akaandika taarifa kwa makao makuu. Ilikuwa ya mstari mmoja: *Msoma kipimo ameacha kazi bila taarifa.* Aliisoma mara mbili na kuridhika na ufupi wake.

Alipoinama kuiweka kwenye droo ya chini ndipo alipouona ukuta.

Kulikuwa na mstari. Ulizunguka chumba chote, juu kidogo ya sakafu, mnyoofu kabisa, rangi ya tope. Juu yake rangi ya ukuta ilikuwa kavu. Chini yake ilikuwa na unyevu. Ofisi ile ilikuwa juu ya ukuta wa bwawa, mbali juu ya maji, mahali ambapo hata jasho lilikauka kabla ya kudondoka. Alichukua rula, kwa dharau tu, akapima. Sentimita kumi na nne. Asubuhi ile redio ilikuwa imeita tatu, themanini na sita.

Hakuona uhusiano wowote. Watu wanaochukia hesabu ndogo huwa hawauoni.

Alimwita fundi. "Wewe ndiye unayenichezea. Umeiokota redio ya yule mama, unaniita kila asubuhi kwa sauti ya kubana pua."

"Mimi, mkuu?"

"Nani mwingine? Na huu uchafu wa ukutani umeupaka saa ngapi?"

Fundi alitazama mstari. Akachuchumaa na kuugusa, akanusa kidole. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. "Kila asubuhi baada ya saa moja nakwenda kupima mwenyewe," alisema polepole. "Leo ni tatu, themanini na sita. Tufunge mfereji, mkuu. Tafadhali."

"Kazi yako ni gurudumu. Kusoma waachie waliosoma."

"Basi mrudishie tu namba yake. Mara moja."

"Toka."

Siku ya tano alikuja binti wa yule mama. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya mjini, amevaa sare yake nyeupe, vumbi hadi kiunoni. Alisimama palepale mlangoni alipozoea kusimama mama yake.

"Shikamoo, mkuu."

Bwana Sifuri alikuwa anasoma gazeti. Hakuitikia.

"Shikamoo," binti alirudia, kwa sauti ileile.

"Sema shida yako."

"Nimekuja kuuliza jambo moja. Siku ile, ulimrudishia?"

"Mama yako ameacha kazi, binti. Nimeshaandika. Nenda kamuulize huko alikokwenda."

"Mama hatoki majini mpaka arudishiwe. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunakwenda shule na njaa, kwa sababu mkuu wa zamani alikuwa amesinzia na yeye anangoja majini." Binti alisema hayo bila kulia. Macho yake yalikuwa yameshuka ukutani, kwenye mstari uliokuwa umefika katikati ya muundi wa mkuu. "Kwa hiyo nauliza tena. Ulimrudishia?"

"Nilimrudishia," alisema Bwana Sifuri, na kugeuza ukurasa.

Binti aliinama kutazama chini ya meza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomkera mkuu. "Viatu vyako vimelowa, mkuu," alisema, akaondoka.

Mkuu alitazama chini. Vilikuwa vimelowa kweli. Soksi zilikuwa zimelowa, na baridi ilikuwa imempanda hadi pale penye mstari. Sakafu ilikuwa kavu, ina vumbi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mpangilio, kama kazi za bwawa zinavyokwenda. Kila asubuhi sauti iliita namba iliyopungua sentimita sita, ikanyamaza ikingoja. Kila asubuhi mstari ulipanda sentimita sita. Bwana Sifuri hakujibu. Aliandika nne na kumi, nne na kumi, nne na kumi, mfereji ukaendelea kunguruma, matikiti yakanenepa. Mjini mabomba yalianza kutoa maji ya kahawia asubuhi. Wanawake waliyachuja kwa kitambaa. Shemeji alipiga simu kuuliza hali. "Shwari," mkuu alimjibu, miguu ameikunja juu ya kiti.

Siku ya nane aliifungia redio kwenye droo ya chini. Saa moja iliita kutoka humo, na sauti ilitoka na mapovu. Siku ya tisa akaitoa betri. Iliita. Siku ya kumi alileta mpaka rangi, nyeupe, madebe mawili. Ilipokauka mstari ulikuwa juu yake, mbichi, umesogea. Mafaili ya chini yalikuwa yamevimba. Alipolifungua moja, lilikuwa limejaa matope laini katikati ya karatasi, na ndani ya matope kisamaki kidogo kilikuwa bado kinatikisa mkia.

Mtu mwingine angepiga magoti. Bwana Sifuri alikasirika. Mwanamke yule, kelele zake, ukaidi wake, mpaka sasa! Alimtukana kwa sauti, peke yake, saa tano asubuhi, katika chumba kilichojaa jua. Alimwita majina ambayo hayaandikiki. Alipomaliza aligundua kwamba mkono wake, uliokuwa umening'inia chini ya meza, ulikuwa unaelea.

Siku ya kumi na tatu mstari ulifika juu ya meza. Siku ya kumi na nne alibaki nyumbani, akasema anaumwa. Mkewe ndiye aliyemwamsha.

"Mume wangu, ukuta wa chumbani una nini?"

Mstari ulikuwa umezunguka kitanda, sentimita themanini, palepale alipolala. Godoro lilikuwa zito. Mto wake wa kulalia ulikuwa na unyevu upande wake tu. Saa moja sauti iliita kutoka kabatini, katikati ya nguo zake, na safari hii mkewe aliisikia. Alimtazama mumewe alivyojifunika kichwa bila kushangaa, akaelewa kwamba anajua. Alikusanya vitu vyake kimyakimya na kwenda kwa kaka yake. Aliacha mlango wazi.

Basi akarudi ofisini. Alijipa moyo kwa hesabu, yeye aliyezidharau. Siku sita. Siku tano. Barua ikitoka ataacha funguo mezani na hatatazama nyuma. Jangwa libaki na maji yake, wendawazimu wake na mizuka yake. Alikaa kwenye kiti kile wima, kidevu juu, na wafanyakazi waliopita dirishani walidhani ameongeza maringo.

Siku ya kumi na tisa jioni barua ilifika. Aliipokea mlangoni na kuibusu. Matikiti yalikuwa yamejaa kwenye malori. Mtu mwenye akili angeondoka jioni ileile. Lakini kulikuwa na ukurasa wa makabidhiano wa kutia sahihi, na kikombe chake cha chai, na zaidi ya yote kulikuwa na namba moja ya mwisho ya kuandika. Alitaka kuiandika yeye. Alitaka neno la mwisho liwe lake.

Siku ya ishirini aliingia saa moja kasoro dakika mbili. Jua lilikuwa limeshajaa dirishani. Mstari ulikuwa usawa wa kidevu cha mtu aliyekaa. Akakaa. Akafungua daftari. Mlango ulijifunga nyuma yake, taratibu, kama mlango unaosukumwa na kitu kizito na laini.

"Tatu, tisini na nane."

Haikutoka kwenye redio. Ilitoka chini ya meza.

Alitaka kuinuka. Miguu haikuja. Alitazama chini na akaona viatu vyake vimezama sakafuni hadi kwenye kamba, na sakafu imevifunga.

"Tatu, tisini na nane," sauti ilisema, na kungoja. Haikuwa na chuki. Ilikuwa sauti ya mtu aliye kazini.

Baridi ilimgusa mdomo wa chini. Hakuna maji yaliyoonekana. Jua lilikuwa mezani. Kikombe kilikuwa kinaelea.

"Tatu," alisema Bwana Sifuri. "Tisini na nane."

"Andika."

Mkono wake uliandika wenyewe.

"Tatu, tisini na mbili."

"Tatu, tisini na mbili!"

"Andika."

Alielewa. Zote ishirini. Alikuwa anadaiwa zote, moja moja, na kila aliyoirudia ilimpa pumzi moja. Akaanza kuzikimbiza. Tatu, themanini na sita. Andika. Tatu, themanini. Andika. Alikuwa analia, kamasi zinamtoka, vyeti vyake vitatu vinamtazama. Tatu, hamsini na sita. Tatu, hamsini. Hakukosea hata moja. Alizijua zote, kwa sababu alikuwa amezisikia zote. Tatu, ishirini na sita. Andika. Tatu na mbili. Andika. Maji yasiyoonekana yalimpanda mdomoni kila alipoufungua. Yalikuwa na ladha ya tope na chuma. Mbili, tisini na sita. Andika. Mbili, tisini. Andika. Ilibaki moja.

"Mbili, themanini na nne."

Moja tu. Aliiona barua mfukoni. Aliuona mlango. Akavuta pumzi ya mwisho iliyokuwepo, na mdomo wake ukafanya kile ulichozoea kufanya miaka yote.

"Mbili na themanini," alisema.

Kalamu ilisimama katikati ya namba.

"Sivyo," sauti ilisema. "Tuanze upya."

Fundi wa lango alivunja mlango saa mbili, baada ya kugonga sana. Ofisi ilikuwa kavu, vumbi tele, feni inazunguka. Kitini hapakuwa na mtu. Chini ya meza kulikuwa na viatu vya mkuu, vimepangwa vizuri, vimejaa tope bichi hadi juu. Daftari lilikuwa wazi, karatasi zimekunjamana kama zilizolowa zikakaushwa juani, na pale palipokuwa na nne na ishirini na nne na kumi, sasa palikuwa na namba kumi na tisa za kweli, kwa mwandiko wake mzuri. Mstari wa ishirini ulikuwa na 2.8 tu. Tarakimu ya mwisho haikuandikwa.

Fundi hakusubiri amri. Alishuka hadi majini akasoma mwenyewe, kisha akakimbia, mzee yule na unene wake, akazungusha gurudumu mpaka mikono ikachubuka. Mifereji ilifungwa. Juu ya mdomo wa bomba la mji kulikuwa kumebaki maji ya kina cha sentimita nne. Yaligawiwa kwa ndoo, nyumba kwa nyumba, hadi siku ya sita, mto ulipojaa kabla ya wakati wake. Sentimita nne ambazo Bwana Sifuri aliziona si kitu ndizo zilizoushikilia mji.

Makao makuu walituma mtu. Alikaa saa moja, akanywa chai, akaandika taarifa ya mstari mmoja: *Mkuu wa bwawa ameacha kazi bila taarifa.*

Mkuu mpya ameshapaka ukuta mara tatu. Mstari unarudi, sentimita mia moja na kumi na sita, haupandi wala haushuki. Mbao za kukanyagia zimenunuliwa, ndefu na imara. Msomaji mpya alifanya kazi wiki moja akaomba kuondoka, na nafasi yake haikutangazwa tena. Hakuna haja. Kila asubuhi saa moja kamili redio ya ofisini inaita usawa wa maji, na fundi akishuka kupima anakuta ni huohuo, hadi sentimita.

Binti yule hupita kabla ya kwenda zahanati. Hukaa chini ya dirisha, sare yake nyeupe ameikunja magotini, akasikiliza. Kwanza anamsikia mama yake akiita namba ya siku. Halafu inakuja sauti ya mwanamume, imechoka, imejaa mapovu, inayoanzia tatu, tisini na nane. Inakwenda moja moja, kwa uangalifu, bila kuruka. Binti huzihesabu kwa vidole. Anapofika ya kumi na tisa huwa ameshasimama na kujikung'uta vumbi, kwa sababu anajua yule bwana atasema nini kwenye ya ishirini.